Sahihi Niliyoitia Kabla ya Kazi

Mzinga ni neno lenye maana zaidi ya moja. Kwa mrina asali ni gogo lililochongwa na kutundikwa mtini. Kwa askari ni silaha nzito ya vita. Sisi tunaokaa hapa Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, tukilitaja jina hili mgeni hufikiri kwanza Shirika la Mzinga, lililoanzishwa mwaka 1974 kwa msaada wa China ili jeshi letu lijitengenezee risasi. Mimi ni mwalimu, si askari. Hata hivyo ninayo habari moja ya silaha niliyoinyamazia miaka mingi, nayo inahusu kitu kidogo sana kuliko mzinga: magazini ya bastola.

Magazini ni kisanduku cha bati chenye springi ndani, kinachozipandisha risasi moja baada ya nyingine. Historia yake si ndefu. James Paris Lee alipewa hataza ya magazini ya kuchomoa huko Marekani mwaka 1879, na mwaka 1893 Hugo Borchardt akatoa bastola ambayo magazini yake ilichomekwa ndani ya kishikio. Hapa kwetu wazee waliiona tofauti kwa macho. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Wajerumani walibeba bunduki za muundo wa 1871, za risasi moja moja, zilizotoa moshi mwingi na kumfichua mpigaji. Majeshi ya Waingereza yaliyoingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916 yalikuwa na bunduki zenye magazini ya risasi 10.

Nakuja sasa kwenye habari yangu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na wanamgambo kwa maelfu wakaitwa. Nilikuwa mkufunzi kijana wa chuo cha ualimu, nimeshapitia Jeshi la Kujenga Taifa. Katika kambi moja ambayo sitaitaja, nilipewa kazi kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri: kuandikisha bastola 20 za Kichina za makamanda, kila moja na magazini mbili za risasi 8.

Sajini alinionyesha namna ya kuilea magazini mpya. Kwanza uvue kitako chake, utoe springi, ufute ile grisi nzito ya kuhifadhia kwa kitambaa kikavu, maana ikichanganyika na vumbi huizuia springi kupanda. Pili utazame midomo inayoishika risasi ya juu. Ikipinda kidogo tu, risasi huingia upande na silaha hukwama. Tatu uijaze risasi zote, uzitoe, urudie mara kadhaa, ukiangalia kama kile kibamba kinachozibeba kinainuka bila kusita. Mwisho ipigwe shabaha, risasi zote 8 zitoke. Mafuta yasizidi, kwa kuwa hunasa vumbi na yanaweza kupenya mpaka kwenye fataki ya risasi. Na kila magazini iwe na namba yake, ili ile yenye kasoro ijulikane na kutengwa. Wengi wetu tuliamini kwamba springi huchoka kwa kukaa imeshindiliwa. Mafundi wa leo wanasema kinachoichosha zaidi ni kushindiliwa na kuachiwa mara nyingi.

Hadi jua linazama nilikuwa nimemaliza magazini 26. Lori lilikuwa liondoke alfajiri, na vidole vyangu vilikuwa vimechubuka. Zile 14 zilizobaki nilizifuta kwa nje tu. Kisha nikachukua daftari, nikaandika "imekaguliwa" mbele ya namba zote 40, nikatia sahihi. Sajini alisoma, akasifu mwandiko.

Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979. Mwanamgambo mmoja wa mtaani kwetu hakurudi. Yeye alibeba bunduki, si bastola. Lakini alikuwa na kamanda, na kamanda wake alikuwa na bastola. Sikuthubutu kuuliza ilikuwa ya namba ipi. Mama yake alikuwa akinisalimu kila asubuhi, "Hujambo, mwalimu?" nami nikimwitikia nikitazama chini.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mkuu wa chuo, mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha aligunduliwa amejaza mahudhurio ya wiki nzima siku ya Jumatatu. Wakufunzi walitaka afukuzwe. Nilimwita ofisini, nikafunga mlango, nikamsimulia habari ya zile magazini 14. Alikuwa mtu wa kwanza kuisikia. Sikumfukuza. Nilimtaka kila asubuhi awahesabu watoto kwa kuwatazama nyuso ndipo aguse kalamu, nami nikaenda mara mbili kumkagua bila taarifa.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Nimeandika haya ili wanafunzi wangu, ambao wengi wao leo ni walimu wakuu, wajue ukali wangu juu ya daftari ulitoka wapi. Walidhani ni tabia ya uzee. Ulikuwa ni deni, na aliyenidai sikuwahi kumwona uso.