Reli ya Karanga Juu ya Ubao

Wapenzi wengi wa reli ndogo za majumbani huanza na treni, kisha huizungushia vilima, miti na stesheni. Anayetaka kutengeneza reli ya Mtwara hana budi kuanza na ardhi, kwani reli yenyewe iling'olewa zamani.

Reli hiyo ilikuwa mtoto wa karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula. Mwaka 1946 wataalamu watatu walizunguka Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini kwa wiki tisa tu, nao wakasema karanga zitastawi. Mwaka uliofuata mapori yakaanza kufyekwa Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea. Kule Kongwa mvua ilikuwa haba, na udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji. Mpango ukavunjwa mwaka 1951. Reli ya kutoka Nachingwea ilifika kwenye bandari mpya ya Mtwara mwaka 1954, karanga zikiwa zimekwisha sahaulika. Mwaka 1962 ikafungwa.

Nimejenga nyumbani kipande cha reli hiyo, upande wa Mikindani, kwa kipimo cha 1 kwa 87. Kilomita moja tu hudai ubao wa mita 11.5, kwa hiyo nimetosheka na ukingo wa ghuba. Vilima ni magazeti yaliyolowekwa katika uji wa muhogo. Majani ya miembe na mikorosho ni dodoki lililokatwakatwa na kutiwa rangi. Nyuzi za makumbi ya nazi ndizo nyasi za kiangazi.

Kugumu ni kuchagua mwaka. Ukichagua 1955, utapakia nini kwenye mabehewa? Karanga hazipo, weka mkonge, korosho na abiria. Ukichagua 1965, ondoa reli, ubakize tuta na njia ya miguu juu yake. Mimi nimeiweka miaka yote miwili: nusu ya ubao ina reli, nusu ina tuta tupu.

Kazi hii imenifundisha kwamba wakubwa wale walifanya kama tufanyavyo sisi wa majumbani: walichora njia kwanza, ardhi wakaifikiria baadaye. Kwetu hasara ni gundi na magazeti. Kwao ilikuwa mamilioni ya pauni, na mashamba na misitu ya watu ambao hawakuulizwa.