Kuacha Pombe ni Jambo la Tiba: Hoja kwa Kaunti ya Nakuru

Katika miji na vijiji vya Bonde la Ufa la kati, kuanzia Bondeni na Kaptembwo mjini Nakuru hadi Njoro, Molo na Naivasha, mlevi aliyezama huhukumiwa kwa kipimo cha nia: akiacha husifiwa kwa uthabiti, asipoacha hulaumiwa kwa ulegevu, na tadbiri ambayo jamaa, viongozi wa dini na wenye amri huikimbilia mara nyingi ni kumkatia pombe siku hiyo hiyo. Makala haya yadai kwamba kipimo hicho kina kasoro kubwa. Kwani kwa mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, siku nne za mwanzo za kuacha zaweza kumwua, na serikali yenye mamlaka ya kumzuia asinywe inawajibika pia kumtibu katika siku hizo.

Sababu ya hatari hiyo imo katika ubongo wenyewe. Miongoni mwa kemikali zinazopitisha habari baina ya seli zake, mbili zatuhusu hapa: gaba, ambayo hutuliza, na glutameti, ambayo huchangamsha. Pombe huitia nguvu ile ya kwanza na kuizuia ile ya pili, na kwa hivyo mnywaji huona wasiwasi umemwondoka. Lakini ubongo unaotulizwa hivyo kila siku hupunguza usikivu wake kwa gaba na kuongeza vipokezi vya glutameti, hata ukawa hauwezi tena kwenda sawa pasipo kileo. Pombe ikiondolewa ghafla, hubaki mchangamko usio na kizuizi: baada ya saa 6 hadi 12 mikono hutetemeka, jasho humtoka na moyo humwenda mbio, kati ya saa 6 na 48 aweza kuanguka kifafa, na kati ya saa 48 na 96 baadhi hupatwa na weweseko kali, ambalo tabibu Mwingereza Thomas Sutton aliliandika mwaka 1813 kwa jina la deliriamu tremensi, ambamo mgonjwa huona visivyokuwapo, hapambanui mahali wala wakati, na asipotibiwa huweza kufariki. Wanywaji wa chang'aa wazijua dalili za mwanzo bila ya kufundishwa, na lile funda la alfajiri wanaloliita kutoa loki hutuliza mtetemeko huo kwa saa chache.

Waganga nao walikhitilafiana kwa muda mrefu, wengine wakidhani maradhi haya yaletwa na njaa na upungufu wa vitamini. Mwaka 1955 Harris Isbell na wenzake huko Lexington, Kentucky, walitangaza matokeo ya kuwanywesha pombe wanaume waliowahi kuwa waraibu wa mofini, huku wakiwalisha vyema na kuwapa vitamini. Na hata hivyo, miongoni mwa waliokunywa kwa majuma mengi, walikuwapo waliopatwa na kifafa na weweseko walipokatiwa. Jaribio la namna hiyo lisingeruhusiwa leo, ila funzo lake lilithibiti: kukosa pombe, peke yake, kwatosha kuuvuruga ubongo uliokwisha kuizoea.

Tuiangalie sasa sheria. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi huiita Sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, mbunge wa Naivasha wa wakati huo, iliruhusu chang'aa iliyopewa leseni na kuamuru mabaa yafunguliwe saa 11 jioni siku za kazi. Ilikusudia heri, lakini polisi wanapomkamata mlevi Ijumaa jioni, Katiba huruhusu asifikishwe mahakamani mpaka Jumatatu, na hivyo mahabusu hupitia rumande saa zile zile za kifafa na mwanzo wa weweseko, pasipo dawa wala tabibu. Ubaya huo hauishii hapo, maana waliokwisha kukatiwa pombe mara nyingi ndio huelekea zaidi kuanguka kifafa wakikatiwa tena. Kumkamata na kumwachilia mtu huyo huyo kila mwezi, basi, kwazidisha maradhi yake.

Tiba yenyewe si ya anasa. Mgonjwa hupewa diazepamu, ambayo husaidia kazi ya gaba, kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku kwa muda wa juma moja hivi, chini ya macho ya muuguzi; hupewa thiamini, yaani vitamini B1, kwa kuwa mnywaji wa kudumu hula kidogo na upungufu wa vitamini hiyo huweza kuiharibu kumbukumbu kwa daima; na glukosi ya mshipani haitangulizwi kabla ya thiamini. Diazepamu na thiamini zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Wako watakaosema kwamba diazepamu nayo hulevya. Ni kweli, na ndiyo sababu hutolewa kwa kipimo na kwa muda mfupi. Wengine watasema kwamba wengi huirudia pombe baada ya kutoka hospitali. Hilo pia ni kweli, na ni hoja ya kuirefusha tiba, wala si ya kuiacha: kuusafisha mwili huokoa uhai, lakini shauku, usingizi na furaha hukawia miezi kutengemaa, na muda huo wote wahitaji ushauri na kazi. Haja hiyo ya tiba ndefu yaonekana kwa heroini pia: mraibu wake, ambaye arosto, yaani mateso ya kuikosa, humsumbua vikali ingawa ni nadra kumwua, akiirudia kwa kipimo cha zamani baada ya kusafishwa aweza kufa papo hapo, kwa kuwa mwili umekwisha kupoteza uzoevu wake. Na kwa ajili hiyo Hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilianza kutoa methadoni, dawa ya kushika mahali pa heroini, kwa muda mrefu mwishoni mwa mwaka 2014.

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezipa kaunti leseni za vileo, udhibiti wa dawa za kulevya na huduma za afya kwa pamoja. Kaunti ya Nakuru, basi, inayopokea ada ya baa na kumiliki hospitali, haina pa kuutupa wajibu huu. Na itenge vitanda vya tiba hii katika hospitali zake za Nakuru, Naivasha na Molo, iwafundishe wauguzi, na ipatane na polisi kwamba kila mahabusu aulizwe alikunywa lini mara ya mwisho, na anayetetemeka apelekwe hospitali kabla ya kupelekwa mahakamani.