Kifaransa kwa wanaoanza: jinsi kitenzi kinavyofuata nafsi

Msikilizaji anayevuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Kalemie hapati shida sokoni. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lakini lugha rasmi ya nchi hiyo ni Kifaransa, na akifika forodhani au hospitalini, karatasi anazopewa ziko kwa Kifaransa. Burundi, Rwanda na Visiwa vya Komoro pia hutumia Kifaransa kama lugha rasmi, pamoja na lugha nyingine.

Wengi huanza kujifunza kwa kukariri majina ya vitu: mkate, maji, daktari. Majina peke yake hayatoshi. Ukisema "daktari, mtoto, tumbo", daktari hajui nani anaumwa. Kinachojibu swali hilo ni kitenzi, na hapa tunaeleza vitenzi vinne vya kuanzia.

Nafsi hukaa wapi?

Kwa Kiswahili, nafsi imo ndani ya kitenzi: ninazungumza, unazungumza, anazungumza. Hatulazimiki kusema "mimi" au "wewe". Kifaransa hutanguliza neno la nafsi, kisha hubadilisha mwisho wa kitenzi. Chukua kitenzi parler, kuzungumza:

je parle – ninazungumza
tu parles – unazungumza
il parle, elle parle – anazungumza
nous parlons – tunazungumza
vous parlez – mnazungumza
ils parlent, elles parlent – wanazungumza

Kwa maandishi miisho ni mingi, lakini kwa masikio ni mitatu tu. Parle, parles na parlent zote hutamkwa "parl". Parlons hutamkwa "parlo", sauti ya o ikipitia puani. Parlez hutamkwa "parle", e ikisikika. Ndiyo maana Mfaransa haachi neno la nafsi: akiliacha, msikilizaji hajui nani anazungumza.

Jihadhari na jambo moja. Sisi tumezoea neno kuishia na irabu, hivyo ulimi hutamani kuongeza e mwishoni mwa "parl". Ukiiongeza, anayekusikiliza atadhani umesema parlez au parler. Ishia kwenye l.

Vitenzi vingi vya Kifaransa, takriban 9 kati ya 10, huishia na -er, na karibu vyote hufuata mtindo huu. Ukijua parler, umejua pia donner (kutoa), chercher (kutafuta), demander (kuomba au kuuliza) na travailler (kufanya kazi).

Mambo matatu kuhusu nafsi

Kwanza, "a-" yetu haibagui mwanamume na mwanamke. Kifaransa hubagua: il ni wa kiume, elle ni wa kike. Ukimpeleka binti yako kliniki ukasema il, muuguzi anaweza kudhani unamzungumzia mtoto mwingine.

Pili, vous ni "ninyi", lakini pia ni neno la heshima kwa mtu mmoja. Mzee, daktari, afisa na mtu usiyemfahamu huambiwa vous. Tu ni kwa rafiki, ndugu na mtoto.

Tatu, katika mazungumzo ya kila siku utasikia on badala ya nous. Maana ni "sisi", lakini kitenzi hufuata umbo la il: on parle.

Kuwa na kuwa na

Vitenzi viwili vinavyotumika zaidi havifuati mtindo wa parler. Hivi ni vya kukariri.

Être, kuwa: je suis, tu es, il est, nous sommes, vous êtes, ils sont. Kwetu "ni" moja hutosha kwa wote: mimi ni mkulima, wao ni wakulima. Kwa Kifaransa kila nafsi ina umbo lake.

Avoir, kuwa na: j'ai, tu as, il a, nous avons, vous avez, ils ont.

Sikiliza vizuri ils sont na ils ont. La kwanza lina sauti ya s, "il-so", maana yake "wao ni". La pili lina z, "il-zo", maana yake "wao wana". Herufi hiyo moja hubadilisha habari yote.

Kwenye avoir, msemaji wa Kiswahili ana bahati. Sisi husema "nina njaa", na Mfaransa husema vivyo hivyo: j'ai faim. Nina kiu ni j'ai soif. Nina miaka 20 ni j'ai vingt ans. Hata maumivu huwa nayo mtu: elle a mal au ventre, yaani ana maumivu ya tumbo. Il a de la fièvre, ana homa. Fikiri kwa Kiswahili chako, na mara nyingi utapatia.

Kwenda, na kesho

Aller, kwenda: je vais, tu vas, il va, nous allons, vous allez, ils vont. Ingawa kinaishia na -er, nacho hakifuati mtindo. Faida yake ni kubwa: ukikiweka mbele ya kitenzi kingine, umepata wakati ujao. Je vais payer demain, nitalipa kesho. Payer habadiliki, kinachobadilika ni aller peke yake.

Kukanusha

Kiswahili hukanusha kwa kubana kitenzi pande mbili: anazungumza hugeuka hazungumzi, ha- mbele na -i nyuma. Kifaransa nacho hubana, kwa ne na pas: il ne parle pas. Mbele ya irabu, ne hufupishwa: je n'ai pas d'argent, sina pesa.

Namna ya kujizoeza

Chukua kitenzi kimoja kwa siku. Kiseme kwa sauti katika nafsi zote, kisha kanusha. Baada ya hapo tunga sentensi mbili kuhusu watu wa nyumbani kwako, mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Anza leo na avoir: ukiugua ugenini, ndicho utakachohitaji kwanza.