Uswahilini: Neno Moja na Historia ya Makazi ya Dar es Salaam

Katika kujifunza Kiswahili utakutana mapema na neno uswahilini. Kisarufi ni jepesi: Mswahili, uswahili, uswahilini. Lakini mkazi wa Dar es Salaam, jiji kubwa la jirani zetu Watanzania, akikuambia anakaa uswahilini, hataji asili yake. Anataja mtaa wa nyumba zilizobanana na vichochoro visivyopitika kwa gari. Neno hilo lina sheria ndani yake.

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga mji huo katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Alipofariki mwaka 1870 ujenzi ulilala, hadi Wajerumani walipoufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Mwaka 1914 walitoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji sehemu tatu, na Waingereza waliowafuata wakauendeleza mgawanyo huo.

Zitazame kanuni hizo kwa makini. Hazikulazimika kusema kwamba Mwafrika asikae hapa. Zilitaja aina ya nyumba tu. Upande wa mashariki, penye upepo wa bahari, zilitakiwa nyumba za mtindo wa Ulaya. Katikati, maduka na makazi ya wafanyabiashara. Magharibi, nyumba za miti, udongo na makuti. Asiyekuwa na fedha za kujengea mawe alikwisha kufukuzwa bila kutajwa. Hivyo ndivyo watu walivyopata Uzunguni na Uhindini. Baina ya Uhindini na Kariakoo ya Waafrika uliachwa uwanda mtupu, Mnazi Mmoja, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya. (Kariakoo lenyewe ni jina la Kiingereza lililovishwa kanzu: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza waliopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.)

Nyumba iliyozaliwa Kariakoo yastahili heshima kuliko inayopewa. Ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma wenye jiko na choo. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, vingine hupangisha. Serikali ya kikoloni iliwajengea wafanyakazi wa Kiafrika nyumba chache mno. Waliowapa mahali pa kulala makuli wa bandarini na vibarua ni wenye nyumba hizo.

Baada ya Uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha, na Uhindini ikabadilika haraka, kwani Waasia wengi walihama nchi. Katika miaka ya 1970 vilipimwa viwanja Sinza na Kijitonyama. Upimaji, hata hivyo, haukuweza kukimbizana na watu. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu wakazi wapatao 270,000. Ya mwaka 2022, zaidi ya milioni 5.3. Jiji likajinyoosha kwa kufuata barabara za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, kisha nafasi baina ya barabara hizo ikajazwa na watu walionunua vipande vya mashamba kwa mashahidi na karatasi ya mkono.

Kariakoo nayo ikapanda juu. Nyumba za vyumba sita zilibomolewa, ghorofa zikasimama, na wapangaji wengi wakasogea Mbagala, Tabata au Gongo la Mboto, mbali na soko lililowapa riziki. Kwa mchuuzi, umbali huo ni nauli ya kila siku, na ni saa za usingizi anazozimalizia ndani ya daladala.

Tangu mwaka 2004 wakazi wa maeneo yasiyopimwa jijini wameweza kupewa leseni ya makazi. Leseni hiyo si hati. Ina muda wake, na muda ukiisha, mwenye nyumba hurudi kwenye foleni kuomba tena kukaa katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.