Utepe, Koni na Honi: Historia ya Twita na Uteuzi Wake katika Spika za Kujiundia, kwa Kurejelea Mazingira ya Ikungi

Utangulizi

Historia ya sauti ya redio nchini Tanzania huelezwa mara nyingi kwa kuanzia studio na mitambo ya kurushia matangazo. Spika, ambayo ndiyo hatua ya mwisho kabla ya sauti kumfikia msikilizaji, hupewa nafasi finyu. Matokeo yake ni kwamba redio ya kijijini yenye spika moja isiyo na twita huonekana kuwa kifaa duni kilichobaki nyuma ya maendeleo ya dunia. Insha hii inapinga mtazamo huo kwa kuchunguza twita ya utepe, kifaa cha sauti za juu kinachopendwa na baadhi ya watu wanaojiundia spika, na masharti ya matumizi yake katika mazingira ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida. Hoja kuu ni kwamba twita haiteuliwi kwa sifa zake pekee. Huteuliwa kwa kuzingatia mambo matatu: chanzo cha sauti, nishati iliyopo na mahali pa kusikilizia.

Asili ya utepe

Mwaka 1924, Walter Schottky na Erwin Gerlach, waliofanya kazi katika kampuni ya Siemens nchini Ujerumani, walibuni kifaa chenye utepe mwembamba wa metali ulioning'inizwa kati ya ncha za sumaku. Sauti inapoutikisa utepe huo, umeme mdogo huzalishwa, nacho kifaa huwa kipaza sauti cha studio. Umeme unapopitishwa ndani yake, utepe hutikisika na kutoa sauti, nacho huwa spika. Mwaka uliofuata, Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric nchini Marekani walieleza mfumo wa koili inayosukuma koni ya karatasi. Mfumo huu wa pili ndio uliotawala dunia, kwa sababu koni huweza kusukuma hewa nyingi, hutoa sauti nzito na huvumilia misukosuko.

Utepe uliendelea kuishi katika vipaza sauti vya studio na katika twita za nyumbani. Sifa yake inatokana na umbo lake. Katika twita ya kawaida, koili husukuma kuba dogo. Katika twita ya utepe, kinachopitisha umeme ndicho hichohicho kinachosukuma hewa. Kwa kuwa karatasi hiyo ya alumini ni nyepesi mno, huanza na kukoma kutikisika kwa haraka, na sauti za juu husikika safi. Gharama yake nayo iko wazi. Ukinzani wa utepe ni mdogo sana, aghalabu chini ya omu 1, hivyo transfoma huhitajika ili amplifaya isiuone kana kwamba nyaya zake zimegusana. Aidha, utepe hauwezi kusogea mbali, na ukilazimishwa kutoa sauti za kati hunyooka au kukatika.

Chanzo cha sauti: kutoka mawimbi ya kati hadi faili za simu

Utangazaji wa Sauti ya Dar es Salaam ulianza mwaka 1951. Shirika la Utangazaji la Tanganyika lilifuata mwaka 1956, na Redio Tanzania Dar es Salaam ikachukua nafasi yake mwaka 1965. Msikilizaji wa Singida, aliye zaidi ya kilomita 600 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, alifikiwa kwa mawimbi ya kati na mafupi. Mawimbi hayo yalisafiri mbali, lakini yalibeba upana mdogo wa sauti. Mpango uliokubaliwa Geneva mwaka 1975 kwa ajili ya mawimbi marefu na ya kati uliweka nafasi ya kilohezi 9 kati ya kituo na kituo. Kwa mpangilio huo, sauti iliyopokelewa pasipo kuingiliana na kituo jirani haikuzidi sana kilohezi 4.5.

Takwimu hiyo ina uzito katika hoja hii. Twita ya utepe kwa kawaida hukabidhiwa kazi kuanzia kilohezi 3 hadi 5 kwenda juu. Ingefungwa katika redio ya wakati huo, ingebaki na kazi ndogo ya maana, nayo ingekuza zaidi mikwaruzo ya hewani. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia takriban watu milioni 2 waliokusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, ilihitaji kitu kingine: maneno yanayoeleweka, betri zinazodumu na kifaa kinachobebeka. Koni moja ilitosheleza mahitaji hayo. Kwa hiyo, kukosekana kwa twita hakukuwa alama ya uduni, bali kulilingana na kilichokuwa kikirushwa hewani.

Hali ilibadilika chanzo cha sauti kilipobadilika. Kaseti, iliyoletwa sokoni na Philips mwaka 1963, ilienea. Masharti ya uingizaji bidhaa nchini yalilegezwa mwaka 1984. Na sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua mlango kwa vituo binafsi. Redio za FM hubeba sauti hadi kilohezi 15, na faili za muziki zilizomo katika simu huweza kupita hapo. Hapo ndipo twita ilipopata kazi. Hata katika usemi kuna faida: sehemu kubwa ya tofauti kati ya "saa" na "faa" imo katika masafa ya juu, na katika mawimbi ya kati msikilizaji hutegemea muktadha kuitambua.

Nishati na mahali: uteuzi katika Ikungi

Wilaya ya Ikungi, iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa kugawa Wilaya ya Singida Vijijini, imo katika ukanda wa nusu-ukame wa Tanzania ya Kati. Kiangazi chake ni kirefu na chenye vumbi, na Mkoa wa Singida unajulikana kwa upepo mkali. Mambo hayo yanagusa utepe moja kwa moja. Upepo unaweza kuupasua, na chembe za chuma zilizomo katika vumbi huvutwa na sumaku hadi kwenye mwanya mwembamba, zikasababisha mtetemo. Kitambaa chepesi mbele ya twita na kifuniko isipotumika ni masharti ya lazima.

Mahali pa kusikilizia huamua zaidi. Katika eneo la wazi, sauti ya spika ndogo hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Kwa mkutano wa hadhara unaotumia betri ya gari au umeme wa jua, spika ya honi ndiyo chaguo la busara, kwa sababu hutoa sauti kubwa kwa wati chache. Utepe unafaa chumbani, ambako wasikilizaji ni wachache na wamekaa. Utepe mrefu husambaza sauti vizuri kwa upande lakini finyu kwa kwenda juu na chini; hivyo hupaswa kuwekwa usawa wa masikio ya aliyeketi.

Krosova nayo haiachiwi bahati. Kapasita moja ya takriban mikrofaradi 5 kwa mzigo wa omu 8 hugawa masafa kwenye kilohezi 4, lakini hupunguza desibeli 6 tu kwa kila oktava. Kuba huweza kustahimili hilo. Utepe huhitaji angalau desibeli 12, yaani kapasita pamoja na koili. Fundi asiyeweza kupata koili inayofaa atapata matokeo bora kwa twita ya kuba ya bei nafuu kuliko kwa utepe usiolindwa.

Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba koni, honi na utepe si ngazi tatu za maendeleo ambazo jamii hupanda moja baada ya nyingine. Ni majibu ya maswali tofauti. Koni ilijibu swali la redio ya mawimbi ya kati, honi hujibu swali la uwanja, na utepe hujibu swali la chumba tulivu chenye chanzo safi cha sauti. Mtafiti wa historia ya teknolojia vijijini anapaswa kwanza kuuliza nini kilikuwa kikisikilizwa, wapi na kwa nguvu gani, kabla ya kuhukumu kifaa kilichotumika kukisikiliza.