Ribe tangu 1862: Mchungaji Wakefield na Waliotembea Naye

Mkazi wa Giheke, katika wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, anayekwenda kutibiwa Kibogora, katika wilaya jirani ya Nyamasheke, anaingia hospitali ya Kanisa la Methodisti Huru. Kanisa hilo lilizaliwa Marekani mwaka 1860. Huku kwetu lilianzia Burundi, ambako John Wesley Haley alifungua misheni ya Muyebe mwaka 1935, na mwaka 1942 likavuka hadi Kibogora. Lakini miaka 80 kabla ya hapo Wamethodisti wengine, wa tawi la Uingereza, walikuwa wameshajenga katika vilima vya Ribe, nyuma ya Mombasa. Ribe ndiyo mama wa Umethodisti Afrika Mashariki, na anayeiadhimisha Kibogora bila kuijua Ribe anasoma kitabu kilichokatwa kurasa za mwanzo.

Misheni ya Ribe ilianza kwa barua. Charles Cheetham, mwenye kiwanda huko Heywood na mtunza hazina wa misheni za kanisa lake, alisoma habari za Ludwig Krapf, mmisionari wa zamani wa Rabai, akamwandikia kuomba ushauri. Krapf, ingawa afya yake ilikuwa imechakaa, alikubali kurudi Afrika kuwaongoza vijana wanne: Thomas Wakefield na James Woolner kutoka Uingereza, na wenzao wawili kutoka Uswisi. Walifika pwani mapema mwaka 1862. Homa haikuwapa nafasi. Waswisi walirudi kwao, Woolner akarudishwa akiwa mgonjwa, na kabla ya mwaka kwisha Krapf naye akaondoka. Wakefield akabaki peke yake, kijana wa miaka 26 hivi, katika nchi ya Waribe, ambao ni moja ya jamii tisa za Mijikenda. Mwaka 1863 akaletewa mwenzake, Charles New.

Nia ya Wakefield ilikuwa kuwafikia Waoromo wa kaskazini. Mwaka 1865 alisafiri na New hadi kwao, na simulizi ya safari hiyo ikachapishwa mwaka uliofuata. Ila kazi iliyompa jina miongoni mwa wanajiografia aliifanya akiwa ameketi barazani. Sadi bin Ahedi, mfanyabiashara wa misafara aliyezoea njia za Umasai, alimsimulia njia hizo kituo baada ya kituo: wapi pana maji, wapi pana vita, siku ngapi hadi kwenye ziwa kubwa. Wakefield aliandika yote, na mwaka 1870 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikayachapa pamoja na ramani. Wakefield hakuwahi kuzikanyaga nchi zile. Mwenye elimu alikuwa Sadi, na ni haki Waswahili walijue jina lake.

Sadi huyohuyo ndiye aliyemwongoza New hadi Uchaga mwaka 1871. Wenyeji waliokodiwa kuupanda Kilimanjaro walishindwa na baridi, wakaketi njiani mmoja baada ya mwingine. Aliyeendelea na New hadi kwenye theluji ni mtumishi wake, Tofiki. Vitabu vya Ulaya husema New ndiye Mzungu wa kwanza kuigusa theluji ya Kilimanjaro, na ni kweli. Lakini pale juu walikuwa wawili. New alirudi Uchaga baadaye, Mangi Mandara wa Moshi akamnyang'anya mali zake, na Februari 1875 akafa njiani akijaribu kurudi Ribe.

Misheni ililipiwa kwa makaburi. Rebecca, mke wa Wakefield, alifika Afrika Mashariki mwaka 1870, akafa 1873 pamoja na mtoto wake mchanga. Barua zake zilikusanywa na kaka yake, Robert Brewin, zikawa kitabu, na kwangu mimi ndicho kinachoonyesha Ribe kwa karibu zaidi, kwa kuwa mwanamke huyu aliandika habari za nyumba, maradhi na watoto, mambo ambayo wanaume waliyapita haraka. Mwaka 1886 mchungaji John Houghton na mkewe waliuawa na wavamizi wa Kimasai huko Golbanti, kituo kipya kando ya Mto Tana kilichotimiza ile ndoto ya zamani ya Wakefield ya kuwafikia Waoromo. Mwaka uliofuata Wakefield aliondoka Afrika baada ya miaka 25. Alifariki 1901.

Kilichoiweka Ribe hai ni watu. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia misheni za Rabai, Ribe na Jomvu, na mabwana wao wakadai warudishwe. Ugomvi huo ulikaribia kuzaa vita, hadi mwanzoni mwa 1889 George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alipolipa fidia na zaidi ya watu elfu moja wakapewa hati za uhuru. Katika wahubiri wa miaka hiyo alikuwamo Mwafrika kutoka Sierra Leone, W. H. During. Kutoka pwani kanisa lilifika Meru mwaka 1912, likaanzisha kituo cha Kaaga. Mwaka 1967 Kanisa la Methodisti Kenya likaanza kujitawala, na Ribe yenyewe ikabaki na shule zake na makaburi yake.

Sasa neno kwa Wamethodisti wa Giheke, Kibogora na Rusizi nzima. Wakefield tunamjua kwa sababu aliandika, na Sadi na Tofiki tunawajua kwa bahati tu, kwa kuwa wageni waliwataja. Wapo wazee na wajane wa Kinyarwanda ambao baba zao walifyatua matofali ya kwanza ya Kibogora, walitafsiri mahubiri na kubeba wagonjwa kwa machela. Wafuateni wangali hai, mwandike majina kamili ya baba zao, vijiji vyao na kazi waliyoifanya, na nakala moja iwekwe katika maktaba ya kanisa kabla ya maadhimisho yajayo.