Homa ya manjano: Historia ya utafiti ambayo Garissa haifai kuipoteza

KILA mwaka kabla ya msimu wa Hija, Waislamu wa Garissa, Wajir na Mandera wanaojiandaa kwenda Makka, na ambao hawajapata kuchanjwa, hudungwa sindano moja na kukabidhiwa kadi ya manjano. Saudi Arabia huidai kadi hiyo kutoka kwa wasafiri wa nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Kenya imo katika orodha hiyo. Kadi hutiwa ndani ya pasipoti, safari huendelea, na ni wachache wanaouliza chanjo hiyo ilitoka wapi.

Jibu lake ni historia ya zaidi ya karne moja inayopitia Cuba, Afrika Magharibi na Entebbe, na ambayo hatimaye inafika kwenye kingo za Mto Tana. Sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa na kuenziwa ng'ambo. Sehemu inayoihusu Kaskazini Mashariki ya Kenya imetawanyika: mingine imo katika mafaili, mingine katika majokofu ya maabara, na mingine katika vifua vya wafugaji wazee. Makala haya yanaeleza historia hiyo ni ipi, na kwa nini kuihifadhi ni jambo linalogusa uhai wa watu.

Ugonjwa na mbu wake

Homa ya manjano husababishwa na virusi vinavyoenezwa na mbu. Ilipata jina lake kutokana na macho na ngozi ya mgonjwa kugeuka rangi ya manjano ini linapoathirika. Wagonjwa wengi hupata nafuu baada ya siku chache. Wachache huingia katika awamu ya pili, yenye homa kali na kutokwa na damu, na takriban nusu ya hao hufariki katika muda wa siku 7 hadi 10. Hakuna dawa inayoviua virusi hivyo. Kinga ni chanjo, na tangu 2013 Shirika la Afya Duniani limeshikilia kwamba dozi moja yatosha maishani.

Daktari Carlos Finlay wa Cuba ndiye aliyetoa hoja, mnamo 1881, kwamba mbu ndiye mwenezaji. Alipuuzwa kwa karibu miaka 20, hadi tume ya jeshi la Marekani iliyoongozwa na Walter Reed ilipothibitisha hoja hiyo huko Cuba mnamo 1900. Mmoja wa wanatume, Jesse Lazear, aliambukizwa na kufariki mwaka huo huo.

Damu ya Asibi

Afrika Magharibi iliendeleza kazi hiyo kwa gharama kubwa. Adrian Stokes, tabibu kutoka Ireland, alifariki Lagos mnamo 1927. Mwaka uliofuata, mwanasayansi wa Japani Hideyo Noguchi alifariki Accra, na siku chache baadaye mwenzake William Young akamfuata. Wote watatu waliuawa na ugonjwa waliokuwa wakiuchunguza.

Juni 1927, watafiti walikuwa wamechukua damu ya kijana mmoja mgonjwa wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Jina lake lilikuwa Asibi, na umri wake miaka 28. Damu yake ilidungwa tumbili aliyeletwa kutoka Asia. Tumbili alikufa, Asibi akapona. Virusi vilivyopatikana vilihifadhiwa, na miaka kumi baadaye Max Theiler na wenzake mjini New York wakavihafifisha kwa kuvikuza mara nyingi katika tishu za viinitete vya kuku. Chanjo iliyotokana na kazi hiyo iliitwa 17D. Theiler alituzwa Nobel mnamo 1951, na chanjo zote za homa ya manjano zinazotumika leo ni za ukoo huo.

Tazama jinsi kumbukumbu zilivyogawanywa. Noguchi alikuwa amekosea kuhusu chanzo cha ugonjwa huo, kwani aliamini kuwa ni bakteria. Hata hivyo, taasisi ya utafiti wa tiba nchini Ghana ina jina lake, na picha yake ilikuwa kwenye noti ya yen 1,000 ya Japani iliyotolewa kuanzia 2004 hadi 2024. Jina la Asibi limebaki hasa kama lebo ya virusi katika chupa za maabara. Ilhali kila hujaji wa Garissa anayedungwa sindano hiyo hupokea mkononi mwake kitu kilichotoka katika damu ya Mwafrika huyo.

Entebbe na misitu ya Uganda

Mnamo 1936, Wakfu wa Rockefeller wa Marekani na serikali ya Uganda walianzisha Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano. Mwaka 1950 iligeuzwa kuwa taasisi ya virusi ya Afrika Mashariki, ikizihudumia nchi zote tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mnamo 1977, ikawa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, jina ililo nalo hadi leo.

Watafiti wake, akiwamo mtaalamu wa wadudu Alexander Haddow, walikesha juu ya miti ya Bwamba, magharibi mwa Uganda, wakihesabu mbu saa baada ya saa. Waligundua kwamba kuna mbu wa juu msituni anayewauma tumbili hasa magharibi, jua linapotua. Tumbili hao hushuka mashambani kuiba ndizi, na huko mbu wa aina nyingine, anayezaliana katika maji yaliyotuama kwenye makwapa ya majani ya mgomba, huchukua virusi na kumpelekea mkulima. Hivyo ndivyo ugonjwa wa msituni unavyoingia kijijini.

Kazi hiyo ilizaa mengi yasiyotarajiwa. Virusi vya West Nile vilipatikana 1937, vya Bunyamwera 1943, na vya Zika 1947 kutoka kwa tumbili aliyewekwa ndani ya kizimba katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Vyote viligunduliwa na watu waliokuwa wakitafuta homa ya manjano. Jina la Bunyamwera msomaji aliweke akilini, kwa maana litarejea Garissa.

Kaskazini Mashariki katika ramani

Kenya ilirekodi mkurupuko wake wa kwanza wa homa ya manjano kati ya 1992 na 1993 katika Bonde la Kerio. Baadaye chanjo iliingizwa katika ratiba ya watoto wa maeneo hayo. Mkoa wa Kaskazini Mashariki haukuguswa. Katika miongozo ya wasafiri iliyotokana na uainishaji wa kimataifa uliochapishwa 2011, mkoa huo wote uliwekwa miongoni mwa maeneo ambako uwezekano wa kuambukizwa ni mdogo.

Ramani ya aina hiyo hutegemea visa vilivyoripotiwa na kingamwili zilizopimwa katika damu ya watu. Mahali ambapo zahanati ziko mbali na wagonjwa huzikwa kabla ya kupimwa, ukimya wa rekodi si ushahidi tosha wa usalama. Tena macho ya manjano huweza kuletwa na maradhi mengine: kambi za wakimbizi za Dadaab zilikumbwa na homa ya ini aina ya E mnamo 2012. Na mbu anayeeneza homa ya manjano mijini yumo eneo hili, kwani ndiye huyo huyo mwenezaji wa denge, iliyoutikisa mji wa Mandera mnamo 2011, na wa chikungunya, iliyozuka huko mnamo 2016.

Machi 4, 2022, Wizara ya Afya ilitangaza mkurupuko wa homa ya manjano katika Kaunti ya Isiolo. Watu 15 walikuwa wameshukiwa kuugua kati ya Januari na Februari, na 4 kati yao walifariki. Isiolo inapakana na Garissa na Wajir, na mifugo na wachungaji huvuka mipaka hiyo kila msimu wa malisho.

Virusi vilivyoitwa Garissa

Watu wa Garissa wanazijua homa za kutokwa na damu. Desemba 1997, mvua za El Niño zilipokuwa zimeifurikisha nchi, vifo 170 vilivyohusishwa na homa hizo viliripotiwa katika wilaya hiyo. Vipimo vilionyesha homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo ambao virusi vyake vilitambuliwa katika maabara ya Kabete mwanzoni mwa miaka ya 1930. Watafiti walikadiria kwamba watu 27,500 waliambukizwa Garissa pekee.

Hata hivyo, katika sampuli za baadhi ya wagonjwa kulikuwa na virusi vingine. Mnamo 2001 wanasayansi walivitangaza kwa jina la virusi vya Garissa. Walipovichambua, vipande viwili kati ya vitatu vya chembe zake za urithi vilikuwa vya Bunyamwera, virusi vilivyopatikana Uganda mnamo 1943. Baadaye ilibainika kuwa vilikuwa sawa na virusi vya Ngari, vilivyopatikana Senegal mnamo 1979, na jina la Garissa likafifia katika vitabu. Lakini funzo ni kwamba kama virusi vya Bunyamwera visingehifadhiwa tangu enzi za utafiti wa homa ya manjano, ugonjwa wa Garissa usingekuwa na cha kulinganishwa nacho.

Rekodi zinazookoa

Mnamo 1999, wanasayansi walichukua kumbukumbu za mikurupuko ya homa ya Bonde la Ufa nchini Kenya kuanzia 1950 hadi 1998, wakazilinganisha na halijoto ya bahari na picha za setilaiti. Kwa msingi huo, mwishoni mwa 2006 onyo lilitolewa wiki 2 hadi 6 kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Mafaili ya zamani yaligeuka kuwa kengele ya tahadhari.

Kengele hiyo haikuitikiwa kwa wakati. Kufikia Machi 2007, Kenya ilikuwa na visa 684 na vifo 155. Utafiti uliochapishwa 2010 ulionyesha kwamba wafugaji wa Kisomali waliufahamu ugonjwa huo na kuuita sandik, yaani damu puani. Walikumbuka pia mpangilio wake: makundi ya mbu yalionekana takriban siku 24 baada ya mvua kubwa kuanza, na mnyama wa kwanza akaugua takriban siku 17 baadaye. Maafisa wa mifugo walifika takriban siku 62 baada ya mnyama huyo. Elimu ilikuwako malishoni. Haikuwa imeandikwa mahali ambapo afisa angeisoma mapema.

Kwa hiyo, yapo mambo matatu ya kuhifadhiwa. La kwanza ni karatasi: ripoti za kila mwaka za iliyokuwa Northern Frontier District, ambazo zimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi, pamoja na rejista za hospitali na zahanati. La pili ni sampuli zilizo katika maabara za KEMRI na Entebbe, pamoja na maelezo ya mahali na siku zilipochukuliwa. La tatu ni masimulizi ya wazee walioishi 1997 na 2006, ambayo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa wanaweza kuyarekodi kwa Kisomali na Kiswahili, kwa idhini ya wasimulizi, kabla wenyewe hawajaondoka.

Jambo la tatu ndilo la haraka zaidi. Karatasi yaweza kungoja mwaka mmoja zaidi rafuni. Mzee aliyekuwa na umri wa miaka 50 wakati wa mvua za El Niño amekwisha kuvuka miaka 75.